Chupa Yenye Korongo

Dabani, 4 Machi 1951

Mwanangu Okumu,

Pokea salamu zangu huko Tanga, wewe na mkeo Kevina. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mvua bado. Pamba imeuzwa yote kwa Mhindi, na ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama yako Taaka anakohoa, lakini anakohoa huku analima, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumuuliza. Anasema Kevina asihangaike kukupikia mnavu, utaukataa kama baba yako alivyokuwa akiukataa, kila kitu kwake kilikuwa chungu.

Kopo la Mdachi limefika. Nilikwenda Tororo kwa baiskeli kulichukua, na Owor wa ofisi ya vifurushi alilitikisa karibu na sikio langu akasema, "Mzee, hii kitu yako nalia ndani. Mimi nafikiri imevunjika." Kumbe ni kifuniko tu kimekatika bawaba. Kopo lenyewe ni zima, la udongo wa kijivu, zito, lina picha ya wanaume wanne wanene wamekaa mezani na mmoja wao amelala. Owor aliuliza kama ni la uji. Nilipomwambia ni la bia akanitazama vizuri, maana kuanzia Tororo mpaka Masafu kila mtu anajua Oundo hanywi.

Nimeliweka kwenye rafu. Sasa vitu vya bia ya Wadachi vimefika kumi na vinne: chupa tisa, vizibo viwili vya kaure vyenye waya, ubao wa kreti, kifungulio cha pembe, na kopo hili. Padri alipokuja kubariki nyumba alizitazama chupa akaniuliza mara ya mwisho niliungama lini. Nikamwambia zote zilifika tupu. Akasema hilo ndilo linalomshangaza.

Lakini hakuna hata moja yenye korongo. Nilikueleza: karatasi yake ina ndege amesimama kwa mguu mmoja, kama wale wa kinamasi cha mto Sio. Mengine yote nashukuru, ila ninayoitafuta ni hiyo. Ikiwezekana iwe haijafunguliwa.

Habari ya mrija wa baba yako, uliyouliza tena, tutaiongea ukija likizo.

Baba yako mdogo,
Oundo


Tanga, 22 Aprili 1951

Mpendwa Baba Mdogo,

Nakuamkia kwa heshima. Huku ni joto na kazi, na reli haina Jumapili, ila leo nimeiiba moja. Kevina hajambo. Ana mimba, tunatazamia mwezi wa nane. Anatamani pombe ya nyumbani, malwa yetu ya wimbi, mpaka ananiudhi. Nilimletea tembo la mnazi la watu wa huku, akanywa bilauri moja akasema haya ni maji ya kunawia.

Vitu vya Wadachi waliofukuzwa wakati wa vita ya juzi bado vinauzwa kwa mnada, nyumba moja moja. Nimekupatia sinia la bati lenye picha ya pipa. Wenzangu ofisini wananiita Bwana Chupa. Korongo sijamwona. Nimeona simba, mbuzi, mtawa mnene, nyota. Nauliza kila mahali, na kila mahali wananiuliza mimi mwenyewe nataka ya nini. Ningependa unipe jibu la kuwapa.

Sasa niseme langu. Nina miaka thelathini na tatu. Nilikuwa tumboni mlipochukuliwa wewe na baba kwenda kubeba mizigo ya vita ya Mdachi. Ulirudi wewe. Ulisema mlipotezana mtoni, hujui kama yu hai au amekufa. Tangu hapo mrija wake wa malwa uko juu ya mlango wa mama, umechomekwa kwenye nyasi za paa, na mama ni mke wa mtu aliye safarini. Ameitwa hivyo miaka thelathini na nne.

Krismasi wazee wa ukoo walinirudia yale yale. Mrija haushushwi mpaka aliyemwona akifa asimame mbele ya mtungi aseme alikufaje. Usiposhushwa, mimi siwezi kujenga boma langu, na jina la baba halipewi mtoto. Mabati ninayo, yamelala Tororo kwa Owor yanaota kutu. Baba Mdogo, wapagazi mlikuwa maelfu. Hakuna hata mmoja aliyekuambia kitu? Wewe mwenyewe hukuona kitu?

Wako,
Okumu wa Maloba


Dabani, 10 Juni 1951

Mwanangu Okumu,

Sinia limefika, na barua yako. Salamu kwa Kevina, tumefurahi kwa habari yake. Usimwache abebe maji. Mwambie pia asicheke Kiswahili changu. Kalamu nilifundishwa na mkatekista katika hospitali ya wapagazi, kwa Kiswahili, na Kisamia changu hakijawahi kuishika. Mvua imenyesha. Wimbi limeota vizuri. Tororo wanalipua mawe, wanasema ni kwa ajili ya kiwanda cha saruji, na kuku wa Owor wameacha kutaga.

Umeuliza mtu asiyekunywa anataka nini na bia ya Wadachi. Nitakueleza pombe, uone kwamba siijui kwa kusikia tu.

Malwa ya zamani ya hapa Dabani ilikuwa na ukali wa mwisho, kwa sababu mama zetu walizika unga wa wimbi ardhini siku nyingi kabla ya kuukaanga. Ya Wateso wa upande wa Busitema ilikuwa nzito na tamu. Jirani yetu Akwi bado anaipika hivyo, kama mama yake. Wadhola wa Tororo waliichuja mapema, ikalewesha upesi, na watu wakaenda nyumbani mapema, jambo ambalo nililisifu hata nilipokuwa kijana. Sasa vijana wanatia sukari ya dukani na kila mtungi una ladha moja.

Yote ilinywewa namna moja. Mtungi katikati, maji ya moto juu yake, na kila mtu na mrija wake mrefu kutoka kigodani alipo. Mkubwa huanza. Mdogo hagusi mpaka mkubwa atoe mdomo. Mrija nao haukatwi popote. Unakatwa kwenye ule mmea unaotambaa katika msitu wa Busitema. Ukiukata ni mkavu ndani kama mfupa wa kuku, hautoi utomvu. Unasukuma moyo wake kwa kijiti, unasukia kichujio kidogo mwisho wake, basi. Kukata mirija ni kazi ya mdogo. Mimi nilikuwa nikikata ya baba yako na yangu.

Umeuliza pia juu ya mto. Ulikuwa mpana na maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Sina la kuongeza.

Baba yako mdogo,
Oundo


Tanga, 2 Septemba 1951

Baba Mdogo,

Salamu kwako na kwa mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua tatu nikazichana.

Kevina amejifungua salama tarehe kumi na tisa, mtoto wa kiume. Ana sauti. Hatujampa jina. Jina lake linajulikana na kila mtu, lakini liko juu ya mlango wa mama pamoja na ule mrija. Mkunga aliuliza aandike nini kwenye karatasi, nikamwambia aache wazi. Tunamwita Mtoto.

Niseme wazi kwamba barua yako iliniumiza. Kurasa mbili za pombe na mstari mmoja wa baba. Tangu utotoni umenilisha, umenivisha, umenilipia shule, na kila nikimtaja baba unanipa habari ya hewa. Nilikuwa nikidhani ni huzuni. Sasa sidhani hivyo, na sipendi ninavyodhani.

Korongo nimempata. Meli ya Wadachi imekuja bandarini, mpishi wake anauza vitu kwa siri. Ndege wa kwenye karatasi amesimama kwa mguu mmoja, kama ulivyosema. Chupa mbili, zimejaa, hazijafunguliwa.

Ziko chini ya kitanda changu. Sitazituma mpaka uniambie ni za nini.

Okumu wa Maloba


Dabani, 14 Oktoba 1951

Mwanangu Okumu,

Tumemshukuru Mungu kwa mtoto. Mama yako aliimba uani, kisha akaanguka. Ni mapafu. Yuko zahanati ya Masafu siku ya sita sasa, nampelekea uji kwa baiskeli asubuhi. Jana alinishika mkono wa shati akaniuliza kama atazikwa akiwa mke wa nani. Nikamwambia atapona. Akasema hakuniuliza hilo.

Tuma chupa moja. Ikifika nitasimama mbele ya mtungi niseme. Nimeshawaambia wazee.

Siwezi kuandika kabla. Si kwamba sitaki. Nimejaribu, na mkono unaandika habari ya pamba.

Oundo


Tanga, 11 Novemba 1951

Baba Mdogo,

Salamu. Nimefurahi kusikia kwa Owor kwamba mama ametoka Masafu na tayari anawagombeza.

Chupa imeondoka kwa treni ya Alhamisi. Nimeifunga kwa gunia na makumbi ya nazi na nimemwandikia Owor asiitikise. Sina ruhusa kabla ya mwaka ujao, kwa hiyo mtungi utakaa bila mimi. Niandikie kama utakavyosema, usipunguze neno.

Ya pili imebaki kwangu. Sijui kwa nini nimeiweka.

Okumu wa Maloba


Dabani, 6 Januari 1952

Mwanangu Okumu,

Salamu za mwaka mpya. Mama yako ni mzima, anakohoa kidogo. Wimbi limejaa ghala mbili. Chupa ilifika bila ufa.

Tulikaa Jumamosi tarehe ishirini na tisa, mchana, uani kwa mama yako. Akwi ndiye aliyepika. Nilisimama, nikasema hivi, nami nakuandikia kama nilivyosema.

Hatukupotezana mtoni. Mimi na Maloba tulivuka pamoja. Ng'ambo kulikuwa na shamba la Mdachi, wenyewe wamekimbia, na ghalani mlikuwa na kreti za bia. Askari walichukua, wakatuachia sisi wapagazi wawili chupa sita. Maloba alimcheka yule ndege wa kwenye karatasi, akasema amemfuata kutoka Sio. Tulikuwa miezi mitano hatujakaa kwenye mtungi. Hatukujua kunywa kwa kuinamisha chupa mdomoni peke yako, kama mtu anayemeza dawa. Tulitafuta sufuria, tukamimina zote sita, tukachemsha maji tukaongeza, kama malwa. Tukakaa chini. Maloba akasema, "Oundo, kata mirija."

Nilikwenda kando ya mto. Niliona mmea unaotambaa, una tundu ndani, unene ule ule. Nilikata miwili. Ulitoa utomvu mweupe. Wa kwetu hautoi. Niliuona utomvu, nikaufuta kwa majani, nikarudi.

Maloba alianza kwa kuwa ni mkubwa, mimi nikangoja. Alivuta akasema, "Ni chungu." Sikuwahi kuonja bia ya Wazungu. Nikamwambia, "Bia yao ndivyo ilivyo, kaka. Kaza, kunywa." Akanywa. Akasema tena ni chungu. Mara ya tatu nilicheka, kwa sababu Maloba hata mnavu ulimshinda. Kabla hajatoa mdomo ili nianze mimi, filimbi ya kupanga mstari ikalia, sufuria ikamwagwa. Ndiyo maana niko hapa.

Siku ya pili, jua la utosini, alikufa. Midomo ilikuwa imevimba. Sajini alisema ni kuhara damu, akaandika hivyo. Mzigo wake ulikuwa risasi, ukagawiwa watu wanne, nami nilikuwa mmoja wao. Sikumzika. Nilimfunika kwa majani na mstari ukaondoka. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kufanya kazi tu, sisikii sana kitu, si kizuri si kibaya. Mnadhani ni utulivu.

Askari walikuwa wakisema Wadachi wanaacha vyakula vyenye sumu nyuma yao. Nilishika neno hilo miaka yote. Labda ilikuwa ni bia. Au labda bia yenyewe ni chungu hivyo, chungu kiasi cha kuficha sumu ya mrija, na mtu yeyote angemwambia ndugu yake akaze. Chupa zote zile, Okumu, ni hilo tu. Nilitaka moja iliyojaa, nionje.

Nikaifungua mbele yao, nikanywa kwa kuinamisha. Ni chungu kidogo. Ni uchungu wa maji ya kunde, unafika mwisho wa ulimi kisha unaondoka. Hakuna mtu wa kulalamika mara tatu. Hayo nayo niliwaambia.

Mzee mmoja alikohoa akaacha. Mama yako aliinuka, akapanda kigoda, akaushusha mrija mwenyewe, asisaidiwe. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Aliuvunja kwenye goti lake na hakulia.

Sasa, baada ya hapo, mkubwa wa nyumba ile ni mimi. Mtungi hauanzi mpaka nianze, nami sikuwa na mrija. Akwi akauliza, "Mzee, wewe nakunywa leo, ama tutoe mtungi?" Mama yako akaingia ndani, akatoka na mrija mpya. Akasema aliukata yeye, jana. Sikumuuliza ameukata wapi. Nikautia mtungini nikavuta.

Akaniuliza, "Ni chungu?"

Malwa ya Akwi haijawahi kuwa chungu. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Kaza, kunywa."

Nilikunywa mpaka aliponiambia basi. Leo ni siku ya nane na mimi ni mzima. Wazee wamesema jambo limekwisha, ujenge. Mpe mtoto jina.

Chupa nimeirudisha kwenye rafu. Sitaki nyingine.

Oundo


Tanga, 30 Machi 1952

Baba Mdogo,

Pokea salamu zetu. Kevina hajambo. Mwambie mama nimepokea kipande cha mrija alichonitumia kwa mkono wa dereva wa treni, nimekiweka ndani ya Biblia, nayo haifungi vizuri.

Barua yako ilinifikia Januari. Niliisoma ofisini, nikaikunja, nikaendelea kuandika namba za mabehewa. Kisha nilikasirika mwezi mzima wa Februari. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa Owor. Kuna siku nilisema sitakuandikia tena, na kuna siku nilihesabu viatu ulivyoninunulia nikiwa shule. Kevina hakuniambia nifanye lipi. Aliniuliza tu kama nimejibu.

Jumapili iliyopita niliitoa ile chupa ya pili chini ya kitanda. Nilikunywa mchana, kwa bilauri, peke yangu.

Ni chungu, Baba Mdogo. Funda la kwanza nililitema. Nilikunywa la pili, nikalitema nusu. Kevina alionja akasema mbona ni kawaida, kama ulivyosema wewe. Lakini wewe na Kevina mnakula mnavu. Mimi nina ulimi wa baba, mama amesema hivyo tangu sijajua kusema. Kwa ulimi huu ningelalamika hata mara kumi, mrija uwe wowote. Na kama ndugu yangu angeniambia bia yao ndivyo ilivyo, ningemwamini.

Zaidi ya hapo sijui. Hatutajua.

Likizo yangu ni Agosti. Mwambie Owor ayafute mabati. Chupa naileta mwenyewe, tupu, uiweke kando ya mwenzake. Mtoto ameandikwa Maloba na ana meno mawili.

Mwanao,
Okumu